Nasaha Juu ya Mtunguja

Ardhi inapochoshwa na kwato za mifugo, au shamba linapoachwa misimu miwili mitatu bila ya jembe, au njia inapopanuliwa na udongo wa kandokando ukafunuliwa, mmea ambao aghalabu hutangulia kufika kabla ya mingine ni ule ambao watu wa pwani huuita mtunguja au mtula, na watu wa Tanzania bara huujua zaidi kwa jina la tunda lake, ndulele. Wakikuyu na Wakamba huuita mutongu, Wamaasai entulelei, na Waluo ochok. Watu wa Afrika ya Mashariki wameishi nao kwa vizazi vingi, wakautazama, wakauonja, wakaumia, na kwa kuumia wakajifunza. Hapana aliyeupanda, na ni wachache wanaoupenda, walakini katika nyumba nyingi ndio unaokimbiliwa usiku wa manane jino linapomliza mtu na duka la dawa liko mbali.

Makala hii naiandika kwa ajili ya watu wa namna mbili ambao hukutana kwa nadra na, wakikutana, hubishana. Wa kwanza ni wale waliosoma wakadhani kwamba kila kiotacho porini na kutajwa kuwa dawa ni ushirikina, hata hawataki kusikia bibi zao walitumia nini kabla ya zahanati kujengwa. Wa pili ni wale wanaoamini kwamba kitu kikiwa cha asili basi hakina hatari, na kwamba sumu ni bidhaa ya viwanda peke yake; hawa huchemsha mizizi sufuria nzima wakainywa asubuhi na jioni. Wote wamekosea, ijapokuwa kosa la hawa wa pili ndilo lipelekalo watu hospitali. Nionavyo mimi, manufaa ya mtunguja yenye dalili njema yako juu ya ngozi, na madhara yake makubwa huanza pale unapopita koo. Na wazee waliotuachia elimu hii walilifahamu jambo hilo vizuri zaidi kuliko wengi wanaoirithi leo nusu nusu.

Kabla ya kusema lolote juu ya dawa ni wajibu kuhakikisha kwamba tunazungumza juu ya mmea mmoja. Mtunguja ni kichaka cha miiba, kimo chake kwa kawaida baina ya mita 1 na 2, shina na matawi yake yamefunikwa na vinyweleo vifupi vya kijivu ambavyo, vikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana vina umbo la nyota. Majani ni ya kijani upande wa juu na ya kijivu cheupe upande wa chini, kingo zake zina mawimbi, na mara nyingi miiba huota hata juu ya mshipa wa kati wa jani. Maua ni ya urujuani yenye manjano katikati. Tunda ni la mviringo, kipenyo chake sentimita 2 hadi 3 hivi: likiwa changa ni la kijani lenye michirizi myeupe, likiiva huwa la manjano yenye kung'aa, na likikauka hugeuka kahawia likabaki limening'inia na mbegu zake tele ndani. Mwanasayansi wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1753 kwa jina la Solanum incanum, na jina hilo ndilo lililomo katika vitabu vingi vya dawa za miti. Wataalamu wa siku hizi wameupanga upya ukoo huo, na sehemu kubwa ya mitunguja ya kwetu sasa huitwa Solanum campylacanthum. Kwa mwenye jino bovu tofauti hiyo si kitu, lakini asomaye matokeo ya uchunguzi ni vyema ajue kwamba majina hayo mawili mara nyingi yamekusudiwa kwa mmea uleule wa kando ya njia.

Ukoo wenyewe ni mkubwa na una wenye heshima ndani yake. Bilingani ni jamaa yake wa karibu mno, na kwa mbali kidogo wamo nyanya, kiazi ulaya, pilipili na tumbaku. Udugu huu ndio unaowaponza watu. Mtoto aliyezoea kuona ngogwe, zile nyanya chungu za mviringo, zikipikwa nyumbani, hana sababu ya kulishuku tunda linalofanana nazo kwa ukubwa na rangi, hasa likiwa limeiva. Mnavu nao, mboga tamu ya majani ambayo Wakenya huiita managu, ni wa jamii hiyohiyo. Huliwa majani yake yakiwa yamechemshwa, na mapishi ya busara humwaga maji ya kwanza, lakini vitunda vyake vibichi vya kijani havifai kuliwa. Alama nyepesi ya kutofautisha ni kwamba mnavu wa mboga hauna miiba, nao mtunguja kwa kawaida unayo.

Kuna na mranaha, ambao watu wenye pumu katika sehemu nyingi wamekuwa wakivuta moshi wa majani yake makavu. Huu ni hatari ya namna nyingine kabisa: mboni za macho hupanuka, mdomo hukauka, na mgonjwa huweweseka akazungumza na wasiokuwapo. Wenye pupa huchanganya miti hii miwili kwa kuwa yote ni ya jalalani na yote ni ya miiba, ilhali mtunguja una miiba shinani na tunda laini, na mranaha una shina laini na tunda la miiba. Tabibu anayepokea mgonjwa wa sumu hutibu mambo mawili tofauti kwa miti hii miwili, kwa hiyo aliyekosea jina humpoteza na tabibu pia.

Sasa nije kwenye dawa yenyewe. Matumizi ambayo binafsi nayaona bora kuliko yote ni ya kaka, yaani ule uvimbe wenye usaha unaoshika ncha ya kidole pembezoni mwa ukucha, ambao wengi huuita mdudu wa kidole. Aliyewahi kuupata hahitaji kuelezwa: kidole hupwita usiku kucha, na mtu mzima mwenye watoto wake hujikuta anatembea chumbani ameinua mkono juu. Tunda lililokomaa ambalo bado halijageuka manjano hukatwa upande wa kikonyo, likachokorwa kwa kijiti hadi mbegu zitoke na kubaki tundu la kuenea kidole, likapashwa moto kidogo juu ya makaa, kisha kidole kikatiwa ndani na tunda likafungwa kwa kitambaa safi mpaka asubuhi. Aghalabu maumivu hupungua, ngozi hulainika, na usaha hupata njia ya kutokea. Joto huongeza damu mahali penye uvimbe, unyevu hulegeza ngozi iliyokaza, na maji ya tunda hilo, yalipojaribiwa katika maabara, yameonekana kuzuia baadhi ya vijidudu visikue. Mambo hayo matatu yakikutana mahali pamoja usiku mzima hayakosi kufanya kazi.

Walakini dawa hii ina masharti, nayo ndiyo ambayo mara nyingi husahaulika njiani wakati habari inapopita kutoka kinywa hadi kinywa. Joto la tunda lijaribiwe kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama ajaribuvyo maziwa ya mtoto, kwa kuwa maji yaliyomo ndani huchoma kuliko ganda linavyoonyesha. Kidole chenye jeraha lililo wazi kisitiwe humo. Tunda la jana lisirudiwe. Asubuhi kidole kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi. Tena usiku mmoja, au mbili kwa wingi, ndio mwisho wa subira: ikiwa uvimbe umevuka kiungo cha kidole, au mstari mwekundu umeanza kupanda mkononi, au mtoki umetokea kwapani, au homa imeingia, mgonjwa aende akapasuliwe na mwenye kisu safi, maana usaha uliofungiwa katika nyama ya ncha ya kidole huweza kuula mfupa. Mwenye ugonjwa wa kisukari asianze kabisa. Vidole vyake hupungukiwa na hisi, akaungua asijue, na jeraha lake huchelewa kupona. Kwake yeye tunda la moto ni hasara tupu.

Baada ya kidole huja jino. Hapa mzizi ndio utumikao: huchimbwa, ukaoshwa na kukwanguliwa, kipande kidogo kikabanwa baina ya jino na shavu, na uchungu wake mkali hufuatiwa na ganzi ya kiasi. Wengine hupaka ufizi maji ya tunda; wengine hutia mbegu kavu juu ya makaa na kuuelekeza moshi wake kinywani kwa mrija, wakitaraji mdudu wa jino aanguke. Dhana ya mdudu wa jino ni kongwe sana, hata imo katika vibao vya udongo vya Babeli ya kale, na ukongwe wake ndio unaoipa heshima isiyostahili. Shimo la jino huchimbwa na asidi itokanayo na vijidudu vinavyokula sukari iliyobaki mdomoni, wala moshi hauwezi kulijaza. Ninachosema kwa mwenye kuumwa ni kwamba akiwa hana kingine usiku ule, na abane kipande cha mzizi kwa muda mfupi, ateme mate yote, asimeze hata tone, kisha asukutue kwa maji ya chumvi; na asubuhi asijidanganye kwamba amepona kwa sababu jino limenyamaza. Mafusho siyapendi, kwa kuwa moshi hauna mtu awezaye kuupima, na humfika aliyekusudiwa na asiyekusudiwa. Fauka ya hayo, taya likivimba na uvimbe ukashuka chini ya kidevu kuelekea shingoni, mdomo ukawa mgumu kufunguka au mate yakawa hayamezeki, hilo si jino tena. Ni usaha unaoelekea kwenye njia ya pumzi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.

Juu ya choa na mashilingi sina mengi. Maji ya tunda hupakwa, huwasha, na katika baadhi ya watu choa huondoka. Wengine ngozi huchubuka ikawa vidonda, na kidonda huleta tatizo jipya. Apendaye kujaribu apake sehemu ndogo ya mkono na angoje siku moja. Asimpake mtoto mchanga, asipake karibu na macho, na asitie maji hayo sikioni, ingawa najua kwamba wako wafanyao hivyo kwa maumivu ya sikio. Kama ngoma ya sikio imetoboka, na mwenye kuumwa hana namna ya kuiona, dawa itaingia mahali ambapo haikualikwa.

Hayo ndiyo ya nje. Ya ndani ni mengi zaidi katika simulizi: mizizi iliyochemshwa kwa maumivu ya tumbo, ya kifua, kwa homa, kwa kuumwa na nyoka, kwa kisonono. Sikanushi kwamba yametumika. Profesa John Kokwaro, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya miti ya dawa ya Afrika ya Mashariki, alikusanya matumizi ya makabila mbalimbali, na kazi yake ni hazina. Lakini kuandikwa kwamba watu hutumia kitu ni habari ya watu. Haijawa bado hukumu juu ya kitu chenyewe, na wasomaji wengi huruka kutoka jambo la kwanza hadi la pili bila ya kuona pengo lililopo katikati. Chukua kisonono: mtu akinywa mizizi, usaha huweza kupungua baada ya muda, kwa sababu hata bila ya dawa dalili hupungua, ilhali ugonjwa umebaki ndani ukimharibu mkewe kizazi na ukingoja kuyapofusha macho ya mtoto atakayezaliwa. Kwa nyoka ni vibaya zaidi, kwa kuwa muda upoteao kwenye kutwanga mizizi ndio muda ambao mgonjwa angekuwa njiani kufuata dawa ya kupinga sumu ya nyoka.

Sumu ya mtunguja imo katika jamii ya vitu viitwavyo solanini, na miongoni mwao solasonini na solamajini ndizo zilizo nyingi katika tunda hili. Viwanda vya dawa vimewahi kuzitamani, maana kutokana nazo hupatikana solasodini, ambayo huweza kugeuzwa kuwa malighafi ya dawa za homoni. Na hapo mtu huona jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa na thamani kubwa mikononi mwa mwenye mizani na kuwa balaa katika sufuria. Sumu hii hufanya mambo mawili: huchubua utando wa tumbo na utumbo, na huzuia kimeng'enya kinachotuliza mawasiliano ya neva na misuli. Ndiyo maana mgonjwa huanza kwa kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota na kuhara, akafuata kichwa kuuma, kizunguzungu na ulegevu, na hali ikiwa mbaya huchanganyikiwa na kupumua kwa taabu. Ndiyo maana pia anayetarajia kupasuliwa, kama amekuwa akinywa dawa ya mtunguja, yampasa amwambie daktari wa usingizi waziwazi, kwani baadhi ya dawa za kulegeza misuli huondolewa mwilini na vimeng'enya vya jamii hiyo.

Kiasi cha solanini kinachotajwa na wataalamu kuwa chaleta ugonjwa ni miligramu 2 hadi 5 kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili, na kiasi cha kuua hakiko mbali na hapo. Hesabu hiyo ina maana nzito kwa watoto: mwenye kilo 12 huangushwa na sehemu moja tu ya tano ya kile kinachomwangusha mtu mzima wa kilo 60. Nani basi katika nyumba anajua tunda moja, au mzizi mmoja, una miligramu ngapi? Sumu hubadilika kwa umri wa tunda, na aghalabu bichi huzidi lililoiva. Hubadilika kwa udongo na kwa majira. Kikombe kilichomfaa jirani mwezi uliopita hakikupi wewe dhamana yoyote.

Lipo na kosa la wapishi, ambalo huwanasa hata watu makini. Wengi huamini kwamba kitu kikichemka vya kutosha sumu yake hufa. Kwa mihogo michungu iliyolowekwa na kuanikwa upo ukweli, lakini solanini haivunjwi na maji yanayochemka, na kuchemsha mizizi kwa saa nyingi huhamisha tu baadhi ya yaliyomo kutoka mtini hadi kwenye supu. Ushahidi wa jambo hili umeletwa na kiazi ulaya, jamaa wa mtunguja ambaye tumemzoea hata tukasahau nasaba yake. Katika habari iliyochapishwa mwaka 1979, madaktari wa Uingereza walieleza jinsi wavulana 78 wa shule moja mjini London walivyougua baada ya kula chakula cha mchana chenye viazi vilivyobaki ghalani tangu muhula uliotangulia. 17 kati yao walilazwa hospitali, na wote walipona. Viazi vile vilikuwa vimepikwa. Tena dalili hazikuanza mezani, bali saa 7 hadi 19 baadaye, na kuchelewa huko kuna hadaa: anayekunywa dawa ya mtunguja asubuhi na kuharisha usiku husingizia chakula cha jioni, kesho yake akanywa tena.

Maziwa nayo yana kisa chake. Wafugaji wa sehemu kadhaa za Afrika wametumia maji ya matunda haya kugandisha maziwa, kwa kuwa yana kimeng'enya kifanyacho kazi hiyo vizuri. Huko Transkei, Afrika ya Kusini, ambako saratani ya umio ilikuwa imeenea, wachunguzi waliandika katika jarida la Nature mwaka 1969 kwamba waliona katika tunda hilo kitu kiitwacho dimethilinitrosamini, ambacho huleta saratani kwa wanyama wa maabara. Ubishi juu ya kipi hasa kilichosababisha saratani ile ulikuwa mrefu, na mahindi yenye ukungu, tumbaku na pombe vyote vilitajwa. Mimi sioni haja ya kungoja ubishi uishe: maziwa hugandishwa kwa maziwa ya jana yaliyoganda, bure, pasipo hofu.

Huenda mtu akaniuliza kama ninawavunjia heshima waganga. Hasha. Elimu ya tiba iliyofika pwani yetu pamoja na vitabu vya Kiarabu ilikuwa elimu ya vipimo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika dawa zake kwa dirhamu na mithkali, wala hakumwachia mgonjwa kukisia kwa kiganja. Waganga wa bara, ambao hawakuandika, walikuwa na vipimo vyao katika masharti: mzizi wa upande fulani tu, unene wa kidole kidogo, mara moja kisha basi, asipewe mwenye mimba, asipewe mtoto ambaye hajaota magego, na mganga mwenyewe akae na mgonjwa mpaka jua lizame. Leo tunayacheka masharti haya na kuichukua dawa. Twasahau kwamba kukaa na mgonjwa mpaka jua lizame kulikuwa ni kumchunga katika zile saa za hatari. Unga wa mizizi unaouzwa stendi ndani ya chupa isiyo na jina umenyang'anywa kinga zote hizo, na muuzaji hushuka kituo kinachofuata.

Kwa hiyo anayeazimia kufuata tiba ya asili aifuate kwa mwenye ujuzi nayo. Nchini Tanzania ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo husajili waganga. Muhimbili iko taasisi ya dawa asilia ambayo ilianza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti. Muulize mganga maswali matatu bila ya haya: ni mti gani, nao nionyeshe jani lake, kipimo ni kiasi gani kwa uzito wangu, na ni dalili zipi zikitokea niache mara moja. Mwenye ujuzi hatakasirika. Akasirikaye amekwisha kukujibu.

Na ikitokea ajali, mathalani mtoto amekutwa na maganda ya ndulele mkononi na mbegu midomoni, mambo ya kufanya ni machache na yafanywe kwa utulivu. Mtoe mabaki kinywani kwa kidole kilichofungwa kitambaa, umsukutue, utazame saa ili ukumbuke wakati, na uchume tawi lenye majani na tunda, uende navyo kituo cha afya pamoja na mtoto. Usimtapishe kwa nguvu, usimpe mafuta, wala usimpe maji ya chumvi. Ile desturi ya kumnywesha maziwa kila aliyekula sumu haina faida hapa, maana maziwa hayaondoi solanini, na kwa mtoto aliyelegea huweza kuingia mapafuni yakamkaba. Akiwa macho na anatapika au kuhara, mpe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti za dawa, kijiko baada ya kijiko. Akiwa anasinzia usimpe kitu, mlaze ubavu. Hakuna dawa maalumu ya kuifuta sumu hii. Hospitali huweza kumpa makaa ya dawa akiwahi, humtilia maji ya mshipa, na humwangalia, na uangalizi huo hauna badala. Hata akionekana mzima, asipelekwe kulala nyumbani mbali na msaada kabla ya siku moja kupita.

Wafugaji wana fungu lao katika habari hii. Maji ya tunguja lililopondwa hupakwa ng'ombe dhidi ya kupe, na mwenye mifugo michache ambaye josho liko mbali naye aweza kuyatumia, ila asipake chuchu za ng'ombe anayekamuliwa wala mahali penye kidonda, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula. Kondoo na mbuzi wenye njaa wakati wa kiangazi huyala matunda hayo, na wakiyala kwa wingi huvimba tumbo, huharisha na kupumua kwa shida. Tembo na swala pala wao huyala kwa hiari yao: huko Laikipia, Kenya, wachunguzi walipozungushia uzio sehemu za mbuga ili wanyama wakubwa wasiingie, mitunguja iliongezeka sana, ndipo ikadhihirika ni nani waliokuwa wakiipunguza. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia mara nyingi hoja kwamba kinacholiwa na mnyama hakimdhuru binadamu, hoja ambayo tembo peke yake atosha kuibatilisha.

Mwisho ni kazi ya jembe. Mitunguja iliyo karibu na shule za watoto wadogo, zahanati na visima ing'olewe, hasa kwa kuwa watoto huyapenda matunda yake kwa mchezo, wakayatoboa kwa vijiti na kuyafanya magurudumu. Kuikata kwa panga hakufai, kwani shina huchipua tena. Ichimbwe baada ya mvua za kwanza, udongo ungali laini, kabla haijazaa. Mchimbaji avae glavu nene au afunge mikono kwa gunia, kwa ajili ya miiba. Matunda yaliyokwisha kukauka yakusanywe kwanza yasije yakapasuka na kumwaga mbegu, kisha yafukiwe katika shimo refu, wala yasichomwe jikoni penye moto wa kupikia. Msimu unaofuata rudia kukagua mahali palepale, upande majani ya malisho au miti ya kivuli katika udongo uliobaki wazi, kwa maana pakiachwa uchi mtunguja utarudi.